SOMO LA WIKI: Simu ya kukunja, pambo la kabati au mtaji uliolala?

Muuza simu wa Makoroboi, jijini Mwanza, anajua kuwa mteja hununua kwanza kwa macho. Somo letu wiki hii ni bidhaa iliyopendwa sana kwa macho: Motorola RAZR V3, simu nyembamba ya kukunja iliyotangazwa Julai 2004.

Mvuto wake ulikuwa wa kweli. Ikifungwa, unene wake ulikuwa milimita 13.9 na uzito gramu 95. Mwili wake ulikuwa wa alumini. Kioo cha ndani kilifichwa, hivyo funguo na sarafu za mfukoni hazikukikwaruza. Simu za ukoo huo ziliuzwa zaidi ya milioni 130 duniani.

Sasa tuipeleke mwaloni Kirumba, kwa mchuuzi wa dagaa. Betri yake ndogo ilihitaji umeme mara kwa mara, na mchuuzi hulala visiwani. Tochi haina. Kioo hupata mawasiliano kwa utepe mwembamba wa nyaya unaopita kwenye bawaba; ukichoka kwa kukunjwa, kioo huzima na fundi hudai chake. Nokia 1100 ya mwaka 2003 haikuwa na sura, lakini ilikuwa na tochi, vitufe vilivyozibwa vumbi lisiingie, na chaji ya siku kadhaa. Ikauzwa zaidi ya milioni 250. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tupige hesabu ya mfano. Una mtaji wa Sh 2,000,000.

Duka la kwanza lilinunua simu 10 za kukunja kwa Sh 200,000 kila moja. Sita ziliuzwa Sh 260,000. Kisha toleo jipya likaingia, nne zilizobaki zikauzwa Sh 140,000. Baada ya miezi mitatu mapato ni Sh 2,120,000. Faida Sh 120,000.

Duka la pili lilinunua simu 40 za tochi kwa Sh 50,000, likapata faida ya Sh 5,000 tu kwa kila moja. Lakini mzigo uliisha kila mwezi. Kwa miezi mitatu faida ni Sh 600,000, kabla ya pango na kodi.

Mtengenezaji mwenyewe hakupona. Motorola iliendelea kupunguza bei ya RAZR bila kuwa na mrithi wa nguvu, na mwaka 2007 kitengo chake cha simu kilipata hasara ya dola bilioni 1.2.

Simu za kukunja zimerudi. RAZR ya kioo kinachojikunja ilitangazwa mwaka 2019 kwa dola 1,499. Kwa anayetaka kuziuza, tunashauri:

1. Weka moja au mbili za kuvutia wateja. Mtaji mkubwa uwe kwenye zinazotoka haraka.

2. Ukinunua iliyotumika, ifungue na kuifunga mara nyingi huku ukitazama kioo.

3. Bonyeza *#06# uhakiki namba ya IMEI. Juni 2016 simu bandia zilizimwa nchini, na waliokuwa na shehena walibaki nazo.

Mkunjo humvuta mteja, mzunguko hulipa pango. Usichanganye hayo mawili.