KAZI YA NYUMBANI YA MTOTO NI AMANA YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu Waislamu, katika darasa zetu swali moja limerudiwa mara nyingi na wazazi wa Thika na wa Ruiru, hata tumeona ni wajibu kulijibu kwa maandishi. Swali lenyewe ni hili: mtoto wa gredi ya nne, ya tano au ya sita hurejea kutoka skuli na kazi ya nyumbani, madrasa nayo yamngoja, jua latua, na mzazi bado yumo njiani. Je, ni lipi liachwe?

Jawabu letu kwa ufupi ni kuwa skuli haiachwi wala madrasa haiachwi. Linalopasa kuachwa ni jambo tulifanyalo sisi wazazi, nalo ni kuwafanyia watoto kazi zao. Tutalieleza hili kwa kirefu, kisha tutataja kazi chache ambazo mtoto aweza kuzifanya mwenyewe, zikamfaa katika skuli na katika dini yake pamoja.

HALI ILIVYO

Mtaala wa Umilisi ulianza nchini kote mwaka 2019, ukashika mahali pa mpango wa 8-4-4 ulioanza 1985. Mtihani wa KCPE, ambao kwa miaka mingi ndio uliokuwa hofu ya kila nyumba, ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Watoto wa gredi ya sita sasa hufanya mtihani wa KPSEA, ulioanza 2022. Lakini mtaala huu hautegemei siku moja ya mtihani. Tathmini za darasani nazo zina uzito wake. Mtoto hutakiwa atende, apime, achunguze, kisha aeleze kwa ulimi wake alichokiona. Kwa ajili hiyo hupewa miradi ya kufanya nyumbani.

Makusudio haya ni mema. Taabu imo katika saa za jioni. Wengi wetu huenda Nairobi kwa kazi kila siku, na tangu barabara kuu ya Thika ilipokamilishwa 2012 watu wamezidi kukaa huku na kufanya kazi kule. Wengine wamo viwandani hapa Thika kwa zamu. Mtoto atoka skuli alasiri, aenda madrasa, Magharibi yaingia kiasi cha saa kumi na mbili unusu, na mama afika nyumbani baada ya Isha. Hapo ndipo mtoto atoapo daftari na kusema kuwa kesho yatakikana karatasi ya manila, gundi, na picha zilizochapwa kwenye saiba. Mzazi amechoka, na mtoto asinzia. Basi mzazi hushika mkasi, akaikata na kuibandika kazi yote mwenyewe.

KOSA LA KWANZA: KUMFANYIA MTOTO

Mmoja wetu alikiri mbele ya wenziwe darasani jambo ambalo twalisimulia kwa idhini yake. Mwanawe wa gredi ya tano aliagizwa atengeneze kipima mvua kwa chupa ya plastiki. Baba alikitengeneza usiku, akaichora mistari ya sentimita kwa rula, kikawa kizuri kuliko vyote. Mwalimu aliposifu, akamwuliza mtoto ni nani aliyekitengeneza. Mtoto akajibu, "Ni mimi." Akaulizwa kwa nini mistari haikuanzia chini kabisa penye mbonyeo wa chupa, akanyamaza. Baba yule alituambia, "Nilidhani nimemsaidia, kumbe nimemfundisha uongo, tena mbele ya darasa zima."

Ndugu zetu, tulizingatie neno hili. Kila mmoja wetu ajua kuwa Mtume (s.a.w.) ameikataza ghushi. Mfanyabiashara anayeficha nafaka mbovu chini ya nzuri twamlaumu. Je, kuna tofauti gani na mzazi anayeiweka kazi ya mikono yake chini ya jina la mtoto wake? Mwalimu hudanganyika, akadhani mtoto amefahamu, akapita kwenda somo jingine. Mtoto hubaki na pengo asiloweza kulisema, kwa kuwa akilisema atafedheheka. Na lililo baya zaidi, hujifunza kuwa alama ni bora kuliko ukweli. Mtoto wa miaka kumi akilijua hilo kwa baba yake, maalimu wa madrasa atamfundisha nini juu ya amana?

Wala hatusemi mzazi akae mbali. Mzazi ni mchunga, naye ataulizwa. Lakini kusaidia si kufanya. Kusaidia ni kumwuliza mtoto, "Umeagizwa nini? Mwalimu alieleza vipi? Wewe waonaje?" Ni kumtafutia nafasi na mwanga, kumwacha akosee, kisha kumwuliza kwa nini imekuwa hivyo. Na mzazi asiyejua kusoma aweza kusaidia kama mwenye shahada, kwani kusikiliza mtoto akieleza somo lake hakuhitaji cheti. Na kazi ikimshinda mtoto kabisa, na ipelekwe skuli ikiwa na upungufu wake, pamoja na neno la kweli kwa mwalimu: "Alifika hapa, akashindwa." Mwalimu mwema atalifurahia neno hilo kuliko kazi safi ya uongo.

KOSA LA PILI: KUIACHA MADRASA

Wako wanaosema: "Mtoto akifika gredi ya sita na apumzishwe madrasa, atarudi baadaye." Tumewaona wengi waliopumzishwa, na waliorudi ni wachache. Wako pia wazee wanaosema kinyume chake, kwamba kazi za skuli ni za dunia tu na mtoto asishughulishwe nazo. Hofu yao ina asili yake. Katika siku za ukoloni skuli nyingi za bara zilikuwa mikononi mwa misheni, na Waislamu walichelea dini ya watoto wao. Lakini hata katika siku hizo Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika katika magazeti yake ya Sahifa na Al-Islah, tangu 1930, akiwaamsha Waislamu washike dini yao na watafute elimu ya zama zao pamoja. Aliyoyasema kwa watu wa pwani yatupasa sisi wa Thika na Ruiru vile vile, khasa kwa kuwa sisi ni wachache hapa, na mchache asiye na elimu hupotea upesi.

KAZI TATU ZINAZOUNGANISHA

Wanaodhani skuli na madrasa zagombana na wazitazame kazi hizi tatu. Hazitaki manila wala saiba, na mtoto wa gredi ya nne hadi ya sita aziweza.

Ya kwanza ni kivuli na kibla. Watoto wetu wengi huelekea upande fulani kwa kuwa baba huelekea huko. Ukimwuliza dalili, hana. Basi ajue kuwa kila mwaka, tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na tarehe 16 Julai saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Al-Kaaba sawasawa. Mwaka ukiwa wa siku 366, ni tarehe 27 Mei na 15 Julai. Saa ya Makka na saa ya Kenya ni moja, basi hakuna hesabu ya kugeuza. Mtoto na asimamishe fimbo ya mita moja wima, mahali palipo sawa. Wakati huo kivuli kitalala upande wa kusini, nacho kitakuwa na urefu wa sentimita 42 hivi. Kibla ni kinyume cha kivuli: kaskazini, kwa kuelekea kidogo mashariki. Kisha afungue ramani aitafute Makka, aone kwa nini imekuwa hivyo, na kwamba iko mbali nasi kiasi cha kilomita 2,500. Hapo amefanya sayansi, hisabati, maarifa ya jamii na dini katika robo saa. Na kwa kuwa Julai ya huku ni ya baridi na mawingu, siku ya kabla au ya baada yake kwa saa ile ile yatosha. Tofauti ni ndogo sana.

Ya pili ni maji ya udhu. Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa maji ya mudi moja, kipimo ambacho hakifiki lita moja. Mtoto na aweke beseni chini ya bomba, atawadhe kama ada yake, kisha apime maji yaliyoingia kwa chupa ya nusu lita. Aandike kipimo hicho siku saba, achore jedwali, atafute wastani, kisha azidishe kwa watu wa nyumba na kwa udhu wa siku nzima. Halafu aulize maji hayo yatoka wapi. Sisi twakaa kati ya mito: Chania, Thika na Ruiru. Bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa 1994 katika Mto Thika, ndilo linalonywesha sehemu kubwa ya Nairobi. Mtoto akiyajua hayo na akajipimia mwenyewe israfu yake, hatahitaji kukemewa bombani.

Ya tatu ni mafungu ya zaka na mirathi. Zaka ya fedha ni fungu moja katika arobaini, yaani asilimia mbili na nusu. Mwenye shilingi 200,000 zilizotimiza nisabu na mwaka hutoa shilingi 5,000. Kisha mtoto apewe swali hili: mtu amekufa, hana deni wala wasia, ameacha mke, mwana mmoja mwanamume na binti wawili, mali yake ni mbuzi 32. Mke hupata thumni, nao ni mbuzi 4. Wabaki 28, nao hugawanywa mafungu manne: mwana hupata mawili, yaani mbuzi 14, na kila binti hupata moja, yaani mbuzi 7. Mtoto na akusanye tena aone kama watimia 32. Hapa atajua kuwa sehemu na asilimia anazoziona kavu katika kitabu cha Hisabati ndizo zinazolinda haki ya mjane na yatima.

NENO KWA WALIMU

Twawaomba walimu wa skuli, kwa heshima, watoe kazi ambazo mtoto aziweza kwa mikono yake na kwa vitu vilivyomo nyumbani. Kazi inayohitaji pesa hupima mfuko wa baba, haipimi fahamu za mtoto. Na twawaomba maalimu wa madrasa wasijione wametengwa na shutuma hii. Sisi nasi twawahifadhisha watoto wasiyoyafahamu, tukahesabu kurasa kama skuli inavyohesabu alama. Dakika kumi za kumwuliza mtoto maana ya alichokisoma ni bora kuliko ukurasa mzima wa haraka. Na msikiti wenye taa na mikeka, ambao baina ya Magharibi na Isha huwa mtupu, waweza kuwa mahali pa watoto kufanyia kazi zao za skuli, na kijana mmoja wa sekondari akakaa nao. Sisi tumeazimia kuanza hivyo katika darasa letu, inshaallah, siku mbili kwa wiki, kwa wavulana na wasichana, kila kundi mahali pake. Kijana huyo ameagizwa neno moja: asishike kalamu ya mtoto.

MASWALI YA DARASA IJAYO

1. Ni ipi tofauti ya kumsaidia mtoto na kumfanyia? Toa mfano wa nyumbani kwako.
2. Mtoto wako akiulizwa dalili ya kibla chenu, atajibu nini?
3. Mali ni mbuzi 48. Marehemu ameacha mke, wana wawili wanaume na binti watatu. Mgawie kila mmoja haki yake. Swali hili na lijibiwe na mtoto, mzazi asikilize.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye elimu yenye manufaa na ndimi za kweli, na sisi atujaalie subira ya kuwaacha wajifunze.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum.