Somo: Kwa Nini Nyumba Hii Hainunuliwi?

Ndugu msomaji, huenda kijijini kwenu ipo nyumba inayouzwa tangu mavuno ya mwaka jana. Kuta zake ni za matofali ya kuchoma. Bati halivuji. Kisima hakiko mbali. Wanunuzi huja, hutazama, husifu, kisha huondoka wasirudi. Watu husema nyumba hiyo ina mkosi. Tuuchunguze mkosi huo.

Pengine ni bei. Mwenye nyumba huhesabu kila mfuko wa saruji na kila mwaka aliojinyima ili ajenge. Mnunuzi hahesabu jasho la mwenzake. Yeye huangalia vyumba, na njia itakavyokuwa wakati wa masika. Tena hujiuliza kama asinunue kiwanja kitupu akajenga apendavyo. Kwa hiyo ukitaka kupanga bei, uliza nyumba za jirani ziliuzwa kwa kiasi gani. Usiulize wenyewe walitaka kiasi gani, maana kutaka hakuna mwisho.

Lakini bei hupunguzwa kwa neno moja. Hofu haipunguzwi hivyo. Mnunuzi hujiuliza: Nikishalipa, nani atakuja kunitoa?

Hofu hiyo ina sababu. Hapa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama nyumba ni mali ya mmoja wao. Mnunuzi mwenye akili akiona mama mwenye nyumba hakuitwa kwenye mapatano, huaga mapema. Anafanya vyema.

Nyumba ya urithi ina mambo zaidi. Tuseme baba amefariki, ameacha watoto sita. Mkubwa anakaa humo, naye anajiona ndiye mwenyewe. Siyo. Kikao cha ukoo humpendekeza mtu wa kusimamia mirathi, na mahakama ndiyo humteua. Bila msimamizi huyo, mkubwa anauza mali ambayo haijagawanywa. Mdogo wake aliye mjini anaweza kurudi Idi au Krismasi na kudai haki yake, na mnunuzi amekwisha kuhamia na watoto wake.

Halafu kuna ardhi yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka uhamisho wa haki ya ardhi ya kijiji uidhinishwe na Halmashauri ya Kijiji. Soma vizuri: Halmashauri, yaani wajumbe katika kikao. Muhuri wa mwenyekiti uliogongwa jioni barazani kwake si kibali cha Halmashauri. Kama unayo hati ya hakimiliki ya kimila, itoe sandukuni mnunuzi aione. Kama huna, waite majirani wa pande zote waoneshe mpaka mbele yake. Jirani anayenung'unika kuhusu mpaka anaweza kuchelewesha mauzo kuliko bati bovu.

Sasa fikiri. Wanunuzi waangalifu wakiisha kuondoka, nani hubaki? Hubaki yule anayetaka nyumba kwa nusu ya bei. Anajua una mgonjwa hospitalini, au mtoto anasubiri sare na madaftari. Anajua pia kwamba karatasi zako hazijakamilika, naye huzitumia kukubana. Utauza usiku, kwa haraka, kwa fedha kidogo.

Kwa hiyo mambo haya hushughulikiwa wakati hakuna shida. Mirathi ifunguliwe mapema. Hati iombwe kijijini wakati bado huna haja ya kuuza. Mume na mke wakubaliane kwanza, ndipo wamwite mgeni.

Zungumzeni darasani:

Je, Halmashauri ya kijiji chenu hukutana lini, na nani huandika kumbukumbu za kikao?

Je, nyumba unayokaa wewe, jina la nani lingeandikwa kwenye hati?