Kuchunguza Vyuo Kabla ya Kuomba Nafasi



Kila mwaka majibu ya mtihani wa Kidato cha Nne yatokapo, na tena yale ya Kidato cha Sita, nyumba nyingi za Ngamiani huwa na neno moja tu: mtoto aende chuo gani? Wazee wa usharika huulizwa, wainjilisti huulizwa, na majirani hutaja majina ya vyuo kama wasafiri watajavyo vituo vya reli. Walakini twaona ya kuwa wengi wetu twayajua majina, tusijue tofauti. Neno “chuo” ni moja, nalo huitwa juu ya vitu vingi visivyofanana. Asemaye, “Mwanangu amepata chuo,” bado hajatuambia mtoto atajifunza nini, kwa miaka mingapi, wala atakuwa nani amalizapo.

Jambo hili si dogo. Fedha ya ada mara nyingi ni shamba la michungwa lililouzwa huko Muheza, au akiba ya mama katika kikoba chake, au mchango wa usharika mzima. Fedha ikipotea huenda ikapatikana tena. Miaka mitatu ya ujana haipatikani. Kwa hiyo katika somo hili twapenda kuonyesha aina za vyuo vilivyopo, na mambo yapasayo kulinganishwa kabla ya kuandika barua ya kuomba.

1. Zamani na sasa

Babu zetu hawakuwa na taabu hii ya kuchagua. Serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake ya kwanza hapa Tanga mwaka 1892, ikafundisha vijana wa kazi za serikali. Misheni nazo zilikuwa na shule zao za walimu. Kijana alipelekwa, hakuchagua. Hata chuo cha theolojia cha Kanisa letu kilikuwa kimoja: kilianza Lwandai, upande wa Mlalo, mwaka 1947, kikahamia Makumira karibu na Arusha mwaka 1954. Na elimu ya chuo kikuu ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, ilianza kwa somo la sheria peke yake.

Leo milango ni mingi, na wingi huo ni baraka. Lakini penye milango mingi ndipo mtu aweza kuingia nyumba isiyo yake. Tena kuanzia mwaka 2010 maombi ya vyuo vikuu yalipitia mahali pamoja, lakini tangu mwaka 2017 kila mwombaji hupeleka maombi yake mwenyewe chuoni. Basi kazi ya kuchunguza imemwangukia yeye na jamaa zake.

2. Aina za vyuo

Kwanza, vyuo vya ufundi stadi. Hivi hufundisha kazi ya mikono: umeme wa majumba, uashi, useremala, ushonaji, uundaji wa vyuma, magari. Mamlaka ya VETA iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo ina chuo hapa Tanga. Mafunzo huenda kwa daraja, la kwanza hata la tatu. Karibu na hivi viko Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975, kama kile cha Handeni na kile cha Kiwanda katika Muheza. Vyuo hivi havidharau mtu ambaye hakufika mbali katika masomo.

Pili, vyuo vya kati, vitoavyo astashahada na stashahada. Humo hufundishwa uuguzi, utabibu, mifugo, sheria, uhasibu, uhandisi na mengineyo. Mkoa wetu una vyuo kadhaa vya namna hii: chuo cha mifugo Buhuri, na Chuo cha Mahakama kule Lushoto. Korogwe kuna Chuo cha Ualimu cha serikali. Aliyemaliza Kidato cha Nne kwa kawaida hufika stashahada kwa miaka mitatu.

Tatu, vyuo vikuu, vitoavyo shahada. Masomo mengi huchukua miaka mitatu, uhandisi na sheria kwa kawaida minne, na udaktari mitano, kisha mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Viko vya serikali, na viko vya makanisa na vya watu binafsi. Kimoja cha Kanisa letu katika mkoa huu kilianza Magamba, Lushoto, mwaka 2007, kikaitwa kwa jina la Askofu Sebastian Kolowa.

Nne, Chuo Kikuu Huria, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mwanafunzi wake husoma akiwa nyumbani kwake au kazini kwake. Chafaa sana kwa mwalimu au karani aliye na watoto wa kulea. Lakini chataka mtu ajiamuruye mwenyewe, maana hakuna kengele ya kumwamsha.

3. Mambo manne ya kulinganisha

Jambo la kwanza ni kazi iliyo mwisho wa njia. Wengi huanza kwa kuuliza, “Chuo gani ni kikubwa?” Afadhali kuanza mwisho, kwa kuuliza, “Mtoto ataka kufanya kazi gani, na kazi hiyo yadai cheti gani?” Tutazame sheria. Mwenye stashahada ya sheria aweza kupata kazi nzuri mahakamani au ofisini, lakini si wakili. Atakaye uwakili hana budi kupata shahada ya sheria, kisha kupita katika shule ya sheria kwa vitendo iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2007. Vivyo hivyo muuguzi hana ruhusa ya kuuguza kwa cheti cha chuo peke yake, illa aandikishwe na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Na mhandisi ana bodi yake. Mzazi asiyejua hayo hudhani safari imekwisha, kumbe yapo mapito mengine mbele.

Jambo la pili ni kutambuliwa kwa chuo. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyuo vya kati na vya ufundi stadi husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, liitwalo NACTVET. Wote wawili hutangaza orodha zao katika mtandao, na kijana mwenye simu aweza kuzisoma bila malipo. Lakini tuangalie: chuo kuandikishwa ni neno moja, na somo lenyewe kupewa ithibati ni neno la pili. Mwaka 2017 Tume ilivizuia vyuo 19 visipokee wanafunzi wapya, tena ikazuia masomo 75 katika vyuo vingine, ingawa vyuo hivyo vingine viliendelea na masomo yao yaliyobaki. Baadaye baadhi ya waliozuiwa walitengeneza mambo yao wakaruhusiwa tena. Hapo twajifunza mawili: tuulize habari ya somo, si ya chuo tu, tena tuulize mwaka huu huu, wala tusitegemee habari ya kaka aliyesoma pale miaka sita iliyopita.

Jambo la tatu ni sifa za kuingilia. Hapa wengi hupoteza fedha ya maombi bure. Kwa masomo mengi ya vyuo vya kati hutakiwa ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne yasiyo ya dini. Neno hili wainjilisti walifahamu vizuri, maana kijana aliyefaulu Elimu ya Dini na masomo matatu mengine huhesabiwa ana matatu, si manne. Masomo ya afya hudai zaidi, kama vile Baiolojia na Kemia. Kwa shahada, mwenye Kidato cha Sita kwa kawaida atakiwa kuwa na ufaulu wa masomo mawili yenye alama zisizopungua 4.0 kwa jumla, A ikihesabiwa 5, B 4, C 3, D 2 na E 1; na yatakiwa yawe masomo yaliyotajwa kwa shahada ile. Tume hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, kimoja kwa wa Kidato cha Sita, na kingine kwa wenye stashahada. Kisomwe kabla ya kulipa chochote.

Jambo la nne ni gharama yote. Ada si gharama yote, bali ni mlango wake. Iko nyumba ya kulala, chakula, nauli, sare, vifaa, bima ya afya, fedha ya mitihani, na gharama ya miezi ya mazoezi mbali na chuo. Chuo chenye ada ndogo huko mbali huenda kikala fedha nyingi kuliko chuo chenye ada kubwa ambacho mtoto aweza kukiendea akilala kwao Ngamiani. Bodi ya Mikopo huwakopesha wanafunzi wa shahada, na tangu mwaka wa masomo 2023/24 huwakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, katika masomo yaliyochaguliwa. Si kila aombaye hupewa, tena mkopo si zawadi: aajiriwaye hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, twasoma habari ya mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu. Wazazi na waketi vivyo hivyo.

4. Mfano wa kulinganisha

Tuseme yupo kijana wa Ngamiani aliyemaliza Kidato cha Nne, naye apenda kazi ya umeme. Mbele yake ziko njia tatu.

Njia ya kwanza ni VETA hapa hapa Tanga. Atajifunza kutandika nyaya na kutengeneza mitambo, na mapema kuliko wenzake ataweza kushika kazi ya fundi.

Njia ya pili ni stashahada ya uhandisi wa umeme, kwa miaka mitatu, katika chuo kama Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam au Chuo cha Ufundi Arusha. Akimaliza, ni fundi sanifu, mtu wa kati ya mhandisi na fundi. Akipata wastani mzuri, usiopungua 3.0, aweza kuomba shahada.

Njia ya tatu ni Kidato cha Tano na cha Sita, miaka miwili, kisha shahada ya uhandisi, miaka minne.

Sasa tuhesabu. Njia ya tatu yachukua miaka sita hata shahada. Njia ya pili yachukua mitatu, na shahada minne juu yake, jumla saba. Mzazi atasema, “Basi ya tatu ni fupi.” Ni kweli, lakini katika njia ya pili, fedha ikikatika baada ya mwaka wa tatu, kijana anacho cheti cha kazi mkononi. Katika njia ya tatu, fedha ikikatika mwaka ule ule wa tatu, yuko chuoni bado hana kazi. Nyumba yenye mshahara wa kudumu yaweza kuchagua ile fupi. Nyumba itegemeayo mavuno na biashara ndogo huenda ikafanya vema kuchagua ile yenye pumziko katikati. Hatusemi njia moja ni bora kwa wote. Twasema kila nyumba ipime kwa mizani yake.

5. Namna ya kufanya uchunguzi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kijana achukue karatasi, aandike majina ya vyuo vitatu au vinne upande mmoja, na juu yake aandike yale mambo manne: kazi, kutambuliwa, sifa, gharama. Kila chumba cha karatasi akijaze kwa habari aliyoithibitisha, si kwa uvumi. Penye chumba kitupu, hapo ndipo pa kuuliza. Akiweza, na aende akakione chuo, azungumze na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, awaulize waliomaliza mwaka jana sasa wako wapi. Nauli ya basi toka Kange kwenda Korogwe au Lushoto ni ndogo kuliko ada ya muhula mmoja.

Tena tujihadhari na watu wajiitao mawakala, waahidio nafasi kwa fedha ya mkononi. Malipo ya chuo cha serikali hufanywa kwa nambari ya malipo iliyotolewa kwa mwombaji mwenyewe, wala hayawekwi mfukoni mwa mtu. Na kijana wa chuo kikuu akipata nafasi mahali zaidi ya pamoja, akumbuke kuthibitisha chuo kimoja tu, tena kabla ya siku ya mwisho.

Mwisho twawaambia wazazi neno moja. Karatasi ile na ijazwe na kijana mwenyewe, wazee wakimsaidia. Asiyechagua husoma kwa moyo nusu, na aliyelazimishwa huwa na wa kumlaumu. Lakini aliyepima pamoja na wazazi wake, hata mambo yakiwa magumu, ajua kwa nini yuko pale.

Maswali ya kuzungumza katika usharika

1. Katika usharika wetu, ni vijana wangapi wanaongoja majibu mwaka huu, na nani atakaa nao kusoma kitabu cha mwongozo?
2. Ni kazi gani tuidharauyo bila sababu, hata twawazuia watoto wetu wasiende chuo cha ufundi?
3. Usharika uchangapo ada ya mtoto, je, twauliza kwanza kama somo lake lina ithibati?
4. Chukueni vyuo viwili mnavyovijua, mvilinganishe kwa mambo yale manne. Ni vyumba vingapi vya karatasi vimebaki vitupu?