Simu Halali Isiyousikia Mnara: Kupima Masafa ya Simu Kabla ya Kuinunua

Malipo ya korosho yanapoanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, maduka ya simu ya Nachingwea na Ruangwa hujaa. Mwenye kitochi hutafuta simu janja; mwenye simu janja ya kioo kilichopasuka hutafuta nyingine. Wengi huvutiwa na simu zilizokwisha kutumika nje ya nchi, kwa kuwa kwa bei ya simu mpya ya kawaida mtu hupata simu ya jina kubwa na yenye kamera nzuri. Nyingi ya simu hizo ni nzima. Baadhi yake, hata hivyo, zikifika kijijini huonyesha alama ya 2G mchana kutwa, ilhali jirani mwenye simu ya bei ndogo na laini ya kampuni ileile anatazama video kwa 4G. Mnunuzi hudhani ameuziwa simu bandia. Fundi huifungua, huisafisha, huifunga, hulipwa, na hali hubaki ileile.

Simu ya namna hiyo yaweza kuwa si bandia wala si mbovu. Ilitengenezwa kwa ajili ya mitandao ya nchi nyingine, na masafa yanayorushwa na mnara wa kijijini hapo haikuundwa kuyasikia.

Tofauti hii kati ya simu halali na simu inayofaa ndiyo inayowapoteza wanunuzi wengi. Tangu Juni 2016, simu bandia zilipozimwa nchini, watumiaji wamezoea kubonyeza *#06#, kuisoma namba ya IMEI yenye tarakimu 15 na kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Kipimo hicho ni cha lazima, nasi tunasisitiza kifanyike kabla fedha haijatoka mfukoni. Lakini kinajibu swali moja tu: je, namba ya simu hii inatambulika kuwa ya kweli? Hakisemi kama simu itaelewana na mnara wa Kilimarondo, wa Mnero au wa Mbekenyera.

Mfano wa karibu ni reli. Nachingwea iliwahi kuwa na yake, iliyojengwa kutoka upande wa Mtwara kwa ajili ya mradi wa karanga wa wakoloni, kisha ikang'olewa. Nchini leo reli ya zamani ya TRC ina upana wa milimita 1000 na ya TAZARA milimita 1067. Behewa la upande mmoja ni behewa zima na halali, lakini haliwezi kutembea juu ya reli ya upande wa pili. Milimita 67 zinatosha kulizuia. Simu na mnara navyo huwa hivyo.

Masafa na namba za bendi

Kila kampuni ya simu hupewa leseni ya kutumia vipande maalumu vya masafa ya redio, vinavyopimwa kwa megahezi. Kipande kimoja huitwa bendi. Simu nayo ina vifaa vya ndani, hasa machujio na vikuza mawimbi, vilivyotengenezwa kwa bendi fulani tu. Bendi ambayo simu haina vifaa vyake ni sawa na stesheni ya FM kwa redio ya zamani yenye mawimbi ya kati pekee: matangazo yapo hewani, redio ni nzima, na hakuna kinachosikika.

Hapa Tanzania 2G hupatikana kwenye masafa ya 900 na 1800, na 3G kwenye 2100 na 900. Kwa kuwa karibu kila simu inayouzwa duniani huzishika bendi hizo, matatizo huanzia kwenye 4G, ambayo masafa yake yametawanyika. Kuna 700, inayoitwa bendi 28. 800, bendi 20. 1800, bendi 3. 2300, bendi 40. Na 2600, bendi 7 au 41 kulingana na mpangilio wa mtandao. Kampuni moja haitumii zote, na mnara mmoja wa kampuni hiyo huenda ukatumia bendi moja au mbili tu.

Masafa ya chini yana thamani ya pekee kwa wilaya kama hizi mbili. Wimbi la 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi, la 1800 sentimita 17. Wimbi refu husafiri mbali zaidi, huzunguka kilima vizuri zaidi na hupenya kuta kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mnara mmoja wa 700 unaweza kuhudumia eneo ambalo kwa 1800 lingehitaji minara kadhaa. Ndiyo maana makampuni hupenda kuyatumia masafa haya vijijini, ambako nyumba zimetawanyika kati ya mikorosho. Asili yake ni televisheni: nchi ilipoanza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, vipande vya masafa vilivyokuwa vikibeba picha vilipatikana kwa ajili ya intaneti. Masafa ya 700 yalipigwa mnada mwaka 2018, na Oktoba 2022 ukafanyika mnada mwingine uliohusu pia 2300, 2600 na 3500, hii ya mwisho ikiwa ya 5G. Mei 2023 ikasainiwa mikataba ya kujenga minara 758 vijijini kote nchini kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote.

Hapo ndipo mnunuzi anaponaswa. Ameijaribu simu Kariakoo au Mtwara mjini, ambako minara iko karibu karibu na bendi 3 imejaa. 4G ikawaka, akaridhika. Amefika kwao, mnara uko mbali, bendi inayomfikia ni 28 peke yake, na simu yake haina bendi 28.

Mtego wa pili umo katika tarakimu zenyewe. Marekani pia wana masafa wanayoyaita 700, lakini ni bendi 12, 13 na 17, zilizopangwa tofauti na bendi 28 yetu. Japani wana 800, nayo ni bendi 18, 19 na 26, wala si bendi 20. Muuzaji anayesema "hii inashika 700" huenda anasema kweli tupu na bado simu isikufae. Kwa hiyo usiulize megahezi. Uliza namba ya bendi.

Namna ya kupima

Anza na mtandao, si na simu. Nenda kituo cha huduma cha kampuni unayoitumia, au piga namba yao ya huduma kwa wateja, utaje kijiji na kata, uulize: mnara unaotuhudumia unarusha 4G kwa bendi zipi? Jibu la kwanza huwa "4G ipo, mzee." Usiondoke na jibu hilo. Omba namba ya bendi, na kama mhudumu hana, omba swali lako lipelekwe kwa mafundi wa mtandao.

Njia ya mkato ni jirani. Mtafute mtu wa kijijini kwako ambaye 4G yake inashika kwa laini ya kampuni hiyo. Kama simu yake ni Samsung, kubonyeza *#0011# kwenye sehemu ya kupigia hufungua ukurasa wenye maandishi mengi ya kiufundi. Tafuta neno BAND na namba inayolifuata. Kwenye iPhone, bonyeza *3001#12345#* kisha kitufe cha kupiga. Kwa simu nyingine za Android zipo programu za bure zinazoonyesha bendi. Fanya hivyo ukiwa nyumbani kwako, ndani ya nyumba na nje, kwa maana bati la paa nalo huzuia mawimbi, na bendi inayoshika uani huenda isiwe ile inayoshika chumbani.

Ukishaijua bendi, igeukie simu unayotaka kununua. Jina la biashara halitoshi. Samsung Galaxy S21 ni jina moja, lakini nyuma yake kuna SM-G991B ya soko la kimataifa, SM-G991U ya Marekani na SM-G991N ya Korea Kusini, na kila toleo lina orodha yake ya bendi. Namba ya modeli hupatikana kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya "Kuhusu simu". Kwenye iPhone, gusa namba ya modeli nayo itageuka kuwa herufi A ikifuatwa na tarakimu nne. Hiyo ndiyo ya kuitafuta. Iandike, uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji, usome orodha ya bendi za LTE, kwani LTE ndilo jina la kitaalamu la 4G. Tunashauri tovuti ya mtengenezaji kuliko kurasa za wauza simu, ambazo mara nyingi hunakili orodha ya toleo moja na kuibandika kwenye toleo jingine.

Kwa haki, simu za bei kubwa za miaka ya karibuni hubeba bendi nyingi, na toleo la Marekani la simu kama hiyo linaweza kufanya kazi hapa vizuri kabisa. Zinazotutia wasiwasi zaidi ni simu za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni moja ya nchi moja: hizo hupewa bendi za kampuni hiyo na basi.

Muuzaji mwaminifu haudhiki kwa maswali haya.

"Kaka, hii ni toleo la nchi gani?"

"Ya Marekani hiyo, mama. Original kabisa."

"Sina shaka nayo. Niwekee laini yangu, nisomee na modeli. Halafu naomba niipeleke nyumbani Namichiga, kesho kutwa nikurudishie jibu."

Makubaliano ya siku mbili za majaribio si jambo la ajabu, mradi yaandikwe. Anayekataa kabisa kuyaandika amekwisha kukupa jibu.

Mambo yanayofanana na tatizo la bendi

Kabla ya kuilaumu simu, hakikisha laini yako si ya zamani. Laini zilizotolewa kabla ya 4G huenda zisifunguke kwa 4G hata ndani ya simu bora. Kituo cha huduma hubadilisha kadi na namba hubaki ileile. Tazama pia kama mipangilio ya simu haijafungiwa kwenye 2G, jambo ambalo baadhi ya watu hulifanya ili kutunza betri kisha wakasahau. Na kama mtandao ni mzito siku Namungo inapocheza Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, kisha ukarudi kawaida mashabiki wakitawanyika, hilo ni msongamano; simu yako haina kosa.

Simu iliyofungwa kwa kampuni ya nje ni jambo jingine tena. Ukiweka laini yetu, huomba namba ya siri ya kuifungulia au huikataa laini. Ikifunguliwa, itakubali laini, lakini haitapata bendi ambayo haikuwa nayo. Fundi anayeahidi kuiflashi simu ili "ishike bendi 28" anauza kitu ambacho kwa kawaida hakipo, kwa sababu upungufu uko kwenye vifaa, si kwenye programu. Iangalie pia sehemu ya kuwekea laini: iPhone 14 na zilizofuata, kwa toleo la Marekani, hazina tundu la kadi kabisa na hutumia laini ya kielektroniki pekee. Uliza kampuni yako kama inaitoa, na kama kituo chake cha Nachingwea au Ruangwa kinaweza kukuwekea, kabla ya kulipa.

Je, kila mtu anahitaji 4G? Hapana. Anayehitaji kupiga, kupokea ujumbe wa malipo ya mnada na kutuma fedha kwa menyu ya simu, 2G inamtosha, na kitochi kizuri kitamkalia na chaji kuliko simu janja yoyote. Lakini kijana anayejaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu kwa njia ya mtandao akiwa na siku chache kabla ya dirisha kufungwa, au mama anayeuza ufuta na kutaka kuona bei za mnada siku hiyohiyo, hawezi kuridhika na 2G. Kwa hao, simu isiyo na bendi ya mnara wao ni fedha ya msimu mzima iliyolala.

Risiti

Dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na uombe iandikwe jina kamili la simu, namba ya modeli na namba ya IMEI. Kama muuzaji amekuhakikishia kwamba simu itashika 4G kijijini kwako, aandike hivyo, ataje bendi, na aweke sahihi. Malalamiko kuhusu huduma ya mtandao wenyewe huanzia kwa kampuni ya simu, na yasipotatuliwa huletwa kwa Mamlaka. Malalamiko kuhusu bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ya kupotosha yana mlango wake pia, Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Katika milango yote miwili utaulizwa karatasi. Risiti iliyoandikwa "simu 1" haionyeshi kama uliuziwa toleo la U au la B, na kwa mnunuzi wa Nachingwea herufi hiyo moja ndiyo shauri lote.