Injini ya Gari Dogo Hutengenezwa Wapi?

Somo letu la leo linahusu gari dogo. Wengi wetu hatuna gari, lakini sote tunayapanda. Mtu wa Kasanda akitaka kwenda Kakonko au Kibondo, mara nyingi hupanda mchomoko. Siku hizi viko pia vikundi vya akiba vinavyonunua gari la kikundi. Fedha ya gari la namna hiyo ni jasho la watu wengi. Kwa hiyo inafaa tujue tunanunua kitu gani.

Tuanze na jambo tuliloliona wenyewe.

UGOMVI WA GASKETI

Siku moja tulitembelea kikundi kimoja cha huku kwetu. Wanachama walikuwa wameuza muhogo na maharage, wakaweka akiba, wakanunua gari lililotumika. Lilikuwa Toyota Passo. Gari hilo lilibeba abiria, na usiku lilibeba wagonjwa.

Tulipofika, gari lilikuwa juu ya mawe. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Kijana dereva alikuwa ametumwa mjini kununua nyingine. Dukani alisema, "Naomba gasketi ya Passo." Akapewa, akalipa, akarudi. Fundi akaipima. Haikuingia! Gasketi ilikuwa na matundu makubwa manne, na injini ilikuwa na matatu.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walisema, "Kijana huyu amenunua kitu cha rahisi, chenji amekula." Wengine walitaka afukuzwe siku ile ile. Gari lilikuwa limelala siku tisa, na mama mmoja mjamzito alikuwa amepelekwa zahanati kwa baiskeli. Watu walikuwa na uchungu.

Ndipo mama mmoja, mhitimu wa kisomo, alipoomba kadi ya gari. Akasoma polepole, herufi kwa herufi. Nambari ya chasi ilianza na KGC10. Nambari ya injini ilianza na 1KR. Ujazo wa injini ulikuwa 996, yaani karibu lita 1. Fundi akaruka: "Sasa nimeelewa! Mama, hii ni injini ya silinda tatu. Kijana amepewa gasketi ya Passo nyingine, ile ya silinda nne. Hakuiba. Hakuulizwa, naye hakujua kueleza."

Kijana aliombwa radhi mbele ya wote. Gasketi ilirudishwa dukani, ikabadilishwa, kwa kuwa ilikuwa haijatumika. Nauli ya safari ya pili kikundi kililipa chenyewe.

Lakini kabla ya watu kuondoka, mzee mmoja aliuliza swali. "Bwana fundi, nimekusikia unasema injini hii ni ya Daihatsu. Mbele ya gari pameandikwa Toyota. Je, tumeuziwa gari la bandia?"

Hilo ndilo swali la somo letu.

GARI MOJA, KAMPUNI MBILI

Jibu ni hapana. Gari lile si la bandia.

Toyota na Daihatsu zote ni kampuni za Japani. Mwaka 1998 Toyota ilipata zaidi ya nusu ya hisa za Daihatsu. Mwaka 2016 ikazichukua zote. Daihatsu ina ujuzi wa miaka mingi wa magari madogo. Kwa hiyo kampuni hizi mbili zilishirikiana kubuni gari moja dogo, likatoka mwaka 2004. Lilipouzwa na Toyota liliitwa Passo. Lilipouzwa na Daihatsu liliitwa Boon. Ni mapacha. Kazi ya kuliunda ilifanywa katika kiwanda cha Daihatsu.

Na injini ya lita 1? Jina lake ni 1KR. Ilisanifiwa na wahandisi wa Daihatsu, ikatumiwa na Toyota katika magari yake. Ina silinda tatu. Bloku yake ni ya alumini, kwa hiyo ni nyepesi. Uzito wake ni kama kilo 70, chini ya gunia la mahindi la kilo 100! Kuanzia mwaka 2007 hadi 2010 injini hii ilipata tuzo ya kimataifa kila mwaka, katika kundi la injini zisizozidi lita 1. Injini ya bandia haipewi tuzo miaka minne mfululizo.

MFANO WA SAHANI YA UGALI

Labda msomaji bado anasema, "Kitu kimoja, wenyewe wawili? Inawezekanaje?"

Hebu tutazame sahani yetu ya chakula. Ugali ni wa muhogo wa Kasanda. Dagaa wametoka Ziwa Tanganyika. Chumvi imetoka Uvinza. Mawese yametoka kwa wenzetu wa karibu na ziwa. Mama akishapika, tunasema, "Hiki ni chakula cha mama." Hatusemi mama ametudanganya kwa sababu chumvi hakuichimba yeye. Lakini chumvi ikiwa chungu, tukitaka kujua sababu, hatutakwenda shambani kwa mama. Tutauliza chumvi ilikotoka.

Na gari ni hivyo hivyo. Jina la mbele hutuambia nani analiuza na kulidhamini. Halituambii kila kipande kimetoka kiwanda gani.

KIWANDA KIKO WAPI?

Injini ya Passo tunayoipanda huku ilitengenezwa Japani, kwa kazi ya Daihatsu. Kisha gari zima lilitumika huko kwa miaka kadhaa, likauzwa, likapakiwa melini hadi Dar es Salaam.

Lakini injini ya aina hiyo hiyo ina kiwanda kingine, mbali sana na Japani. Sikilizeni habari hii.

Mwaka 2001 Toyota ilipatana na kampuni ya Kifaransa iliyokuwa ikitengeneza Peugeot na Citroën. Walijenga kiwanda cha pamoja katika mji wa Kolín, Jamhuri ya Cheki, huko Ulaya. Waligawana kazi. Toyota ilisimamia ubunifu na utengenezaji. Wafaransa walisimamia ununuzi wa vipuri. Mwaka 2005 magari yakaanza kutoka. Yalikuwa na majina matatu: Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1. Majina matatu, lakini chini ya boneti injini ya petroli ilikuwa moja: 1KR ya lita 1.

Je, injini hizo zilitengenezwa Kolín? Hapana. Zilitengenezwa katika kiwanda cha Toyota kilichopo mji wa Wałbrzych, nchi ya Poland, inayopakana na Cheki. Kisha zilisafirishwa hadi Kolín, zikafungwa katika magari. Baadhi ya magari hayo yalikuwa ya dizeli. Injini hiyo ya dizeli ilitoka kwa Wafaransa, nao walikuwa wameibuni pamoja na kampuni ya Ford.

Sasa hesabu wewe mwenyewe. Mtu amenunua Peugeot. Jina ni la Ufaransa. Gari limeunganishwa Cheki. Injini imesanifiwa na Wajapani. Imetengenezwa Poland. Mnunuzi hakuibiwa. Lakini akisema, "Nataka spea ya injini ya Kifaransa," hapo atapotea.

KWA NINI WANASHIRIKIANA?

Sababu kubwa ni gharama. Kutengeneza injini si kufunga nati tu. Kwanza madini huyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ili kupata bloku. Kisha mashine huchonga matundu ya silinda kwa kipimo chembamba kuliko unywele. Baadaye huwekwa pistoni, ringi, cheni na vali. Mwisho injini hujaribiwa. Mashine za kazi hiyo ni ghali mno. Kiwanda kikitoa injini chache, kila injini itakuwa na bei kubwa sana. Kikitoa injini nyingi, gharama hugawanyika.

Ndiyo maana kampuni hujiunga, kama wakulima wanaojiunga kununua mashine moja ya kusaga. Mashine ikisagia nyumba moja, ni hasara. Ikisagia kijiji kizima, inajilipa.

NA HUKU KWETU?

Nchi yetu nayo iliwahi kuunganisha magari. Katika miaka ya 1980 kiwanda cha TAMCO, Kibaha, kiliunganisha malori ya Scania. Mikono ilikuwa ya Watanzania, lakini injini zilikuja zimekwisha kutengenezwa nje. Kuunganisha ni kazi ya maana, hufundisha ufundi na kuleta ajira. Lakini kuunganisha gari si sawa na kutengeneza injini.

Jirani zetu wa Kenya walijaribu kwenda mbali zaidi. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Chuo kilishirikiana na taasisi nyingine, likiwemo Shirika la Reli. Mwaka 1990 gari hilo, Nyayo Pioneer, lilionyeshwa kwa wananchi. Lakini yalibaki magari machache ya majaribio. Fedha za kujenga viwanda vya kuyatoa kwa wingi hazikupatikana. Basi tunaona: akili ya kubuni inaweza kuwapo, na kiwanda kikakosekana.

SOMA KABLA YA KULIPA

Ndugu wasomaji, kisomo si cha kusomea barua peke yake. Kisomo hulinda mfuko wako. Kabla ya kununua gari au spea, fanya mambo haya:

1. Omba kadi ya gari. Soma nambari ya chasi, nambari ya injini, ujazo wa injini na mwaka wa kutengenezwa.

2. Nenda kwenye gari na fundi unayemwamini. Linganisha nambari za kwenye kadi na zile zilizochongwa kwenye gari. Zisipolingana, usilipe. Uliza kwanza. Huenda injini imebadilishwa.

3. Andika nambari hizo katika daftari la kikundi. Anayetumwa dukani aende na karatasi, asiende na jina la gari tu.

4. Kama spea ya zamani inabebeka, ibebe. Weka ya zamani na mpya pamoja juu ya meza, hesabu matundu, kisha ulipe.

Tazama jinsi jina moja linavyoweza kuficha injini tofauti:

Passo KGC10: injini 1KR, lita 1, silinda 3.
Passo QNC10: injini K3, lita 1.3, silinda 4.
Vitz SCP10: injini 1SZ, lita 1, silinda 4.
Vitz KSP90: injini 1KR, lita 1, silinda 3.

Umeona? Passo mbili, injini mbili. Vitz mbili, zote za lita 1, lakini injini zake hazifanani. Na Vitz KSP90 ina aina ya injini iliyomo katika Passo KGC10! Jina la gari ni kama jina la ukoo. Ndugu wawili wana ukoo mmoja, lakini kiatu cha mmoja kinaweza kumbana mwenzake.

Yule mzee wa kikundi alisikiliza maelezo haya mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe gari letu ni zima. Lililokuwa na kasoro ni daftari letu." Siku hiyo hiyo katibu aliandika nambari zote katika ukurasa wa kwanza. Kijana dereva naye alizinakili, akaziweka mfukoni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini gasketi ya kwanza haikuingia?
2. Injini ya Peugeot 107 ya petroli ilitengenezwa nchi gani? Gari lenyewe liliunganishwa nchi gani?
3. Taja tofauti kati ya kuunganisha gari na kutengeneza injini.
4. Ni vitu gani vingine tunavyonunua kijijini ambavyo jina la nje halituelezi yaliyo ndani?
5. Kijana dereva alishutumiwa kabla ya kadi kusomwa. Kikundi chenu kingefanya nini?

MAANA YA MANENO

Bloku: mwili wa injini, wenye matundu ya silinda.
Gasketi: bamba jembamba linalozuia maji, oili na moshi visivuje kati ya vyuma viwili.
Hisa: sehemu ya umiliki wa kampuni.
Kalibu: umbo la kumiminia madini yaliyoyeyuka.
Kusanifu: kubuni na kuchora kitu kabla ya kukitengeneza.
Silinda: tundu ambamo pistoni hupanda na kushuka.