SOMO: KUGAWA FEDHA ZA MICHEZO KWA HAKI



Fedha za michezo hutoka katika makato ya mishahara yetu sote. Lakini mara nyingi jezi na mipira huishia katika tawi lililo karibu na ofisi, na wenzetu wa shamba la mbali hupewa ahadi. Mwanachama akiona hivyo mwaka hata mwaka, huanza kuuliza kwa nini aendelee kulipa. Kwa hiyo mgawo wa fedha za michezo unagusa umoja wetu wenyewe. Katika somo hili tutaona namna ya kugawa fedha hizo.

Mfano kutoka Ayalandi

Nchini Ayalandi kuna chama cha michezo kiitwacho Gaelic Athletic Association, kilichoanzishwa mwaka 1884 katika mji wa Thurles. Wachezaji wake ni wa ridhaa. Hawalipwi mshahara kwa kucheza. Siku za kazi huenda kazini kama sisi. Kila mmoja huchezea klabu ya kwao, na walio bora huchezea kaunti yao. Fedha za viingilio hurudi kujenga michezo katika vilabu na kaunti.

Tangu miaka ya 2000, kaunti ya Dublin, yenye mji mkuu, ilipewa fedha nyingi za maendeleo kuliko kaunti nyingine yoyote. Sababu yake ilieleweka: vijana wa mjini walikuwa wengi, na chama kiliogopa kuwapoteza kwa michezo mingine. Walimu wa michezo wenye mshahara walipelekwa katika vilabu na shule. Kisha Dublin ikatwaa ubingwa wa taifa wa kandanda ya Kigaeli mwaka 2011, 2013, na mara sita mfululizo kuanzia 2015 hadi 2020. Kabla ya hapo hakuna kaunti iliyowahi kufikisha hata mara tano mfululizo.

Kaunti nyingine zikalalamika. Dublin ikajibu kwamba ina watu zaidi ya 1,400,000, wakati Leitrim ina watu karibu 35,000 tu. Tena kwamba ushindi uliletwa na kizazi cha wachezaji hodari, si fedha peke yake. Kila upande ulikuwa na hoja. Baada ya malalamiko ya miaka mingi, chama kilirekebisha mgawo na kuongeza fedha za kaunti nyingine.

Tunajifunza nini? Msaada uliotolewa kwa sababu njema unaweza kugeuka upendeleo, kama hakuna siku iliyowekwa ya kuupima upya.

Tufanye hesabu

Tuseme mfuko una shilingi 1,200,000 na matawi ni matatu. Kiwanda kina wachezaji 300, na uwanja uko mlangoni. Shamba la miwa lina wachezaji 200. Nauli yao ya msimu ni 90,000. Shamba la chai liko mbali, lina wachezaji 100, na nauli yao ni 150,000.

Njia ya kwanza: sawa kwa sawa. Kila tawi lapata 400,000. Mchezaji wa kiwandani aangukiwa na shilingi 1,333. Wa shamba la chai, hata baada ya nauli, abaki na 2,500. Wa kiwandani atanung'unika, na ana haki.

Njia ya pili: kwa idadi ya wachezaji. Kila mchezaji ahesabiwa 2,000. Shamba la chai lapata 200,000, lakini likishalipa lori labaki na 50,000, yaani shilingi 500 kwa mchezaji. Hizo hazitoshi mipira wala viatu.

Njia ya tatu: nauli kwanza. Tutoe 240,000 za nauli. Zinabaki 960,000, ambazo kwa wachezaji 600 ni 1,600 kila mmoja. Kiwanda chapata 480,000, shamba la miwa 410,000, na shamba la chai 310,000. Jumla ni 1,200,000. Sasa kila mchezaji, awe wa mjini au wa shambani, ana fungu lile lile la kununulia vifaa.

Sisi twaiona njia ya tatu kuwa ya haki zaidi. Lakini inahitaji ulinzi wa namna nne:

1. Kanuni iandikwe na kupitishwa na mkutano kabla fedha hazijafika. Zikishafika, kila mtu huvutia kwake.
2. Idadi ya wachezaji ithibitishwe kwa daftari la mazoezi na la mechi, si kwa neno la katibu wa tawi. Timu za akina mama za netiboli zihesabiwe vile vile.
3. Nauli ilipwe kwa safari iliyofanyika na kwa stakabadhi.
4. Hesabu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila tawi, na mgawo upimwe upya kila mwaka.

Maswali ya kujadili katika mikutano ya matawi

1. Katika tawi lenu, nani huamua mgawo, na je, mmewahi kuona hesabu yake?
2. Tawi jipya lisilo na uwanja wala timu lisaidiwe vipi, ikiwa fedha hufuata idadi ya wachezaji?
3. Tawi likishinda kombe, lipewe zaidi au wapewe walioshindwa?

Andikeni majibu yenu na kuyapeleka kwa katibu kabla ya mkutano wa bajeti.