Safari ya Majaribio: Niende au Nibaki? (Somo kutoka Tobiti 5)



Chukua Biblia yako, au kama unasoma kwa simu, fungua Kitabu cha Tobiti sura ya 4 na ya 5. Leo tunazungumza zaidi na vijana wanamichezo, lakini hata wewe ambaye hujawahi kupiga danadana tatu mfululizo, usiondoke. Somo letu ni namna ya kufanya uamuzi, na hilo linatuhusu wote.

Tuanze na mfano. Tuseme kuna kijana wa miaka 16, yuko kidato cha nne huko Songea. Ni winga, ana mbio, ana mguu wa kushoto unaojulikana mtaa mzima. Mwezi wa Agosti anapokea meseji: kuna mashindano ya majaribio Dar es Salaam, wiki moja mwezi wa Septemba. Maskauti wa klabu kubwa watakuwepo, na hata mawakala kutoka Ulaya. Ada ya ushiriki ni shilingi 120,000, itumwe kwa simu kabla ya Ijumaa. Ukiongeza nauli ya kwenda na kurudi, chakula na malazi, hesabu inapita laki tatu. Fedha hiyo nyumbani ipo, ila ni ya mbolea ya mahindi. Novemba ana mtihani wa taifa. Baba anasema aende. Mama amenyamaza. Kijana mwenyewe usiku halali.

Aende au abaki?

Wengi wetu tuna jibu mkononi. Mmoja atasema, "Bahati haiji mara mbili, dogo nenda!" Mwingine atasema, "Mpira utakuja kukuponza, kaa usome." Ukiangalia vizuri, wote wawili wamejibu kabla ya kuuliza swali hata moja. Hebu tumtazame mzee mmoja aliyeuliza kwanza.

1. Mzee aliyemhoji malaika

Tobiti yuko Ninawi, uhamishoni. Ni kipofu na mali imekwisha. Anakumbuka kwamba zamani aliweka talanta kumi za fedha kwa mtu aitwaye Gabaeli, huko Rage, nchi ya Wamedi. Anaamua kumtuma mwanawe wa pekee, Tobia, akaichukue. Ni safari ndefu, na njia si salama.

Angalia Tobia anavyojibu. Anakubali kumtii baba, lakini hapo hapo anauliza: huyo mtu hanijui nami simjui, ataniaminije? Na njia yenyewe siijui, nitafikaje? Kumbe kuuliza maswali hakupunguzi utii wala imani. Baba naye hakasiriki. Anamweleza habari ya hati waliyoandikiana na Gabaeli, kisha anamwambia atafute mtu mwaminifu wa kufuatana naye, ambaye watamlipa.

Tobia anatoka, anakutana na Rafaeli, bila kujua kwamba ni malaika. Anamleta nyumbani. Na hapa ndipo pazuri: Tobiti anamhoji. Anataka kujua kabila lake na ukoo wake. Akisharidhika, wanapatana ujira, drakma moja kwa siku pamoja na matumizi ya safari. Baada ya hayo ndipo anawabariki.

Mpendwa kijana, malaika wa Mungu alihojiwa na wala hakuona vibaya. Sasa wakala aliyekutumia meseji jana, kwa nini yeye asihojiwe? Ukimuuliza mtu swali la haki akakasirika, au akakwambia "kama hutaki wapo wengine," ameshakujibu.

Na mama yake, Ana? Analia. Anamuuliza mumewe kwa nini amemtuma mtoto wao, maana fedha haiwezi kulinganishwa na mtoto. Tobiti anamsikiliza na kumtuliza kwa upole. Maneno ya Ana yameandikwa katika Maandiko Matakatifu, hayakufutwa kwamba ni kelele za mama. Katika mfano wetu, mama amenyamaza. Kabla ya kuamua chochote, mtu akae naye jikoni amuulize anawaza nini.

2. Busara ina hatua tatu

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anaeleza kwamba fadhila ya busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kuhukumu lililo bora, na kuamuru litekelezwe. Tuzipitie moja moja kwa ajili ya winga wetu.

*Hatua ya kwanza: kutafuta shauri.* Ni kukusanya ukweli. Andika maswali kwenye karatasi, mzazi apige simu mwenyewe: Nani ameandaa mashindano? Chama cha mpira cha mkoa au wilaya kinayatambua? Watoto watalala wapi, na mtu mzima gani atakuwa nao usiku? Akiumia, nani anamtibu? Maskauti wanatoka klabu gani? Kisha ipigie klabu hiyo yenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uulize kama inamtuma mtu.

Kuna mambo ya kanuni ambayo kila kijana mwenye kipaji anatakiwa kuyajua. FIFA hairuhusu kwa kawaida mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Yapo mazingira machache ya pekee, kwa mfano wazazi wake wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira. Kwa hiyo anayemwambia kijana wa miaka 16 wa Songea kwamba Januari atakuwa anacheza Ulaya, kuna kitu anaficha. Tena, mawakala wa wachezaji wana leseni za FIFA, na anayetaka kumwakilisha mchezaji mwenye umri mdogo lazima kwanza apate idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Omba kuona leseni. Uangalie jina lake kwenye tovuti ya FIFA.

Huu si uoga wa bure. Shirika la Foot Solidaire lilianzishwa Ufaransa mwaka 2000 na Jean-Claude Mbvoumin, mchezaji wa zamani wa Kameruni, kwa sababu vijana wa Kiafrika walikuwa wanapelekwa Ulaya kwa ahadi za majaribio, kisha wanaachwa huko bila klabu, bila nauli, bila vibali.

*Hatua ya pili: kuhukumu.* Ukweli ukishakuwa mezani, pima. Fedha ya mbolea ikitumika, mwakani familia itakula nini? Yesu katika Luka 14 anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara: hukaa kwanza akapiga gharama. Na gharama hapa hailipwi na kijana peke yake; wadogo zake wanailipa pia. Masomo je? Wiki moja Septemba inaweza kufidiwa kama mwalimu anajua na kuna mpango. Wiki tatu zisizo na mpango hazifidiki. Na roho yake je? Jumapili ataipata Misa? Kanisa linaruhusu kuitimiza amri hiyo hata kwa Misa ya Jumamosi jioni, na parokia Dar es Salaam ni nyingi. Inahitaji tu kuulizia ratiba mapema.

Hapa Mtakatifu Ignasi wa Loyola anatusaidia. Katika Mazoezi ya Kiroho anapendekeza umfikirie mtu ambaye hujawahi kumwona, lakini unamtakia mema yote. Amekuja kwako na jambo hili hili. Ungemshauri nini? Halafu jishauri vivyo hivyo. Jaribu. Utashangaa jinsi akili inavyotulia kidogo ukiondoa jina lako kwenye habari.

*Hatua ya tatu: kutekeleza.* Ukishaamua, tenda. Kuna watu wanakusanya ushauri mpaka basi linaondoka, kisha wanasema "Mungu hakupenda." Huko ni kumsingizia Mungu. Kama ni ndiyo, kata tiketi, aga shuleni, pata baraka ya wazazi. Kama ni hapana, jibu meseji kwa adabu, kesho asubuhi rudi mazoezini.

3. Swali la ndani kabisa

Kuna swali ambalo wakala hawezi kulijibu, wala mwalimu, wala padre. Kijana ajiulize mbele ya Ekaristi: *nikirudi bila kuchaguliwa, nitakuwa nani?*

Kama jibu ni "nitakuwa si kitu, nitawaangaliaje watu mtaani," basi hayuko tayari kwenda, hata kama nauli ipo. Anakwenda kutafuta thamani yake kwa skauti mwenye daftari, ambaye pengine atamtazama kwa dakika ishirini. Thamani hiyo alishapewa siku ya Ubatizo. Lakini kama anaweza kusema, "Nikichaguliwa, asante Mungu. Nisipochaguliwa, nitarudi nyumbani nikiwa mtoto wa Mungu na wa mama yangu, na Novemba nitafanya mtihani," huyo yuko huru. Anayeweza kurudi ndiye aliye tayari kwenda.

Na ile hofu kwamba bahati haiji mara mbili? Mtazame Mbwana Samatta. Alicheza African Lyon na Simba hapa hapa nyumbani, akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011 akiwa na miaka 18, akafika Genk ya Ubelgiji mwaka 2016, na Aston Villa Januari 2020 akiwa na miaka 27. Hakuna wiki moja ya Septemba iliyobeba maisha yake yote. Sauti inayokusukuma "sasa hivi, kabla ya Ijumaa, usimwambie mtu" si namna ya kawaida ya Roho Mtakatifu. Yeye huweza kuhimiza, lakini hafichi mambo.

4. Turudi kwa winga wetu

Kwa hali ilivyo leo, ushauri wangu ni huu: asitume hata shilingi mpaka maswali ya hatua ya kwanza yajibiwe kwa sauti ya mtu anayejulikana. Yakijibiwa vizuri, mwalimu akikubali, mtu mzima wa kuaminika akifuatana naye, na fedha ikapatikana bila kugusa mbolea, labda kwa mchango wa ndugu na jumuiya, basi aende kwa furaha na acheze kwa nguvu zake zote. Kipaji ni zawadi, na zawadi haifukiwi ardhini. Yasipojibiwa, abaki, bila aibu yoyote.

Akienda, akumbuke kitu kimoja zaidi kutoka kwa Tobia. Alipokawia ugenini kwa sababu ya harusi yake, alijua kwamba baba yake anazihesabu siku. Na kweli, Ana alikuwa anatoka kila siku kuitazama njia. Kijana, kila jioni piga simu nyumbani. Kuna mtu anaitazama barabara ya Songea.

Maswali ya kutafakari (peke yako au katika kikundi)

1. Ni uamuzi gani ulio mbele yako sasa? Umeuliza maswali mangapi kabla ya kujibu?
2. Nani nyumbani amenyamaza kuhusu jambo hilo? Utamuuliza lini?
3. Ukikosa unachokitaka, utabaki na nini?

Zoezi la juma: soma Tobiti sura ya 5 yote. Andika maswali matano kuhusu uamuzi wako, kisha umpelekee mtu mzima mmoja unayemwamini.

Tusali: Ee Bwana, uliyemtuma Rafaeli afuatane na Tobia, fuatana nasi tunapokwenda na tunapobaki. Utupe busara ya kuuliza, ujasiri wa kutenda, na moyo huru unaojua njia ya kurudi nyumbani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Rafaeli Malaika Mkuu, utuombee.